Kosa la Mkubwa Halimwondolei Mdogo Wajibu Wake

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa ardhi na maji yake, aliyewaweka wanadamu juu ya ardhi hiyo kuwa wenye kuaminiwa, si wenye kuimiliki milele. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: liko suala ambalo huulizwa siku hizi barazani na misikitini, na zaidi huulizwa na watu wa bara wakaao karibu na migodi na mito. Suala lenyewe ni hili: ikiwa joto la dunia limezidi kwa moshi wa mataifa makubwa, na ikiwa mto umechafuliwa na wenye fedha, je, yampasa mkulima maskini kupanda miti, na kupunguza kuchoma makaa, na kuwaweka ng'ombe wake mbali na chemchemi? Au wajibu huo umemwondoka, kwa kuwa kosa si lake na nguvu si zake?

Mwenye kulijibu suala hili kwa haraka huanguka katika mojawapo ya makosa mawili. Ama humtwisha mnyonge mzigo wa mwenye nguvu, na hiyo ni dhulma. Ama humpa mnyonge ruhusa ya kuharibu kwa kuwa mwenye nguvu ameharibu kwanza, na huo ni upotofu. Njia iliyo sawa i kati ya mawili hayo, nayo ndiyo itakayobainishwa katika kurasa hizi, inshallah.

HALI YA MAHALI PENYEWE

Na tuchukuliwe mfano wa mahali pamoja, kwani hukumu isiyo na mahali huwa maneno matupu. Matongo ni kata katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kutoa dhahabu mwaka wa 2002, na ambao sasa ni mali ya kampuni ya Barrick kwa sehemu 84 katika 100, na Serikali ya Tanzania kwa sehemu 16. Katika nchi hiyo hupita mto Tigithe, nao humwaga maji yake katika mto Mara. Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, ukapita Maasai Mara na Serengeti, ukatawanyika katika mabwawa, hata ukaingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma, mwendo wa kilomita karibu 400. Na maji ya ziwa hilo hutoka Jinja yakawa mto Nili, yakashuka hata Misri. Basi atekaye ndoo yake katika Tigithe ni mshirika katika maji ya watu asiowajua idadi yao.

Mwezi wa Mei 2009 maji yenye sumu yalitoka mgodini yakaingia Tigithe. Wenyeji wakalia kwamba watu na wanyama wameugua na kufa. Kampuni ikajibu kwamba wezi ndio walioiba utando wa plastiki uliotandazwa ili maji yasipenye ardhini. Mwezi wa Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira likautoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya maji yaliyovuja katika bwawa la mabaki yake. Mwezi wa Machi 2022 maji ya mto Mara yakageuka rangi yakawa meusi, na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na Serikali ikasema sababu ni mavi na mikojo ya mifugo pamoja na majani yaliyooza, na watu wengi hawakuikubali khabari hiyo, hata jambo likafika Bungeni.

Na azingatie msomaji jinsi mambo hayo yanavyofanana. Kila mara mkubwa humwonyesha mdogo kidole, na mdogo humwonyesha mkubwa. Na maji hayangoji hukumu yao, bali huendelea kushuka na yale waliyochukua.

HALI YA DUNIA

Ama khabari ya joto, wenye elimu ya mambo hayo wamepima wakaona kwamba hewa ya kaboni, itokayo katika makaa ya mawe na mafuta na misitu ichomwayo, ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni kabla ya zama za viwanda, na sasa imepita 420. Hewa hiyo hulizuia joto lisiondoke, kama blanketi juu ya mtu aliyelala. Mwaka wa 2024 ulikuwa wa joto kupita miaka yote iliyopata kupimwa. Barafu iliyo juu ya Kilimanjaro, kati ya mwaka wa 1912 na 2007, imepungua kwa zaidi ya sehemu 80 katika 100. Mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda yakapita kile kiwango cha mwaka wa 1964 kilichokuwa hakijapitwa, yakaingia mashambani na majumbani mwa watu wa pwani za ziwa.

Na katika moshi wote huo, fungu la Tanzania halifiki hata moja katika mia. Jambo hili ni kweli, wala halifai kufichwa. Mtu wa Matongo apikaye kwa kuni tatu hakuiyeyusha barafu ya Kilimanjaro.

HOJA ZA WENYE KUUKATAA WAJIBU

Wasemao kwamba wajibu umemwondoka mnyonge wana hoja tatu. Ya kwanza, kwamba Sharia haimtwishi mtu dhambi ya mwenziwe, na mwenye kuharibu ndiye mwenye kutengeneza. Ya pili, kwamba tendo la mdogo halina athari: miti mia ya kijiji haiupunguzi moshi wa viwanda, na kijiji kikinyamaza au kikitenda, dunia ni ile ile. Ya tatu, kwamba maskini ana dharura, na dharura huyahalalisha yaliyokatazwa. Mjane auzaye gunia la makaa hauzi kwa kiburi, bali kwa sababu watoto hawajala.

Hoja hizi si za wapumbavu. Kila moja ina kweli ndani yake, na kwa sababu hiyo haifai kuzikemea, bali yapasa kuzipima moja baada ya moja.

JAWABU YA HOJA YA KWANZA

Ni kweli kwamba mwenye kuharibu ndiye mwenye kulipa. Wanavyuoni hawakukhitilafiana katika dhamana ya mali iliyoharibiwa. Lakini dhamana ni jambo moja, na taklifu ni jambo jingine. Dhamana ni malipo ya kilichokwisha haribika. Taklifu ni amri ya kukilinda kilichobaki. Mtu akichomewa nusu ya shamba lake na jirani, humdai jirani yule, na kadhi humhukumia. Walakini hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kuichoma nusu iliyosalia. Na lau ataichoma, hawezi kumwambia kadhi, "Yeye ndiye aliyeanza."

Kisha atazamwe ni nani apatwaye na madhara. Anayetia uchafu mtoni kwa hasira ya mgodi, au akataye mikuyu ya chemchemi kwa kusema kwamba nchi imekwisha haribika, kisasi chake hakimfikii mwenye mgodi. Humfikia mama wa kijiji cha chini atekaye maji alfajiri, na mtoto ambaye bado hajazaliwa. Hao hawakumkosea neno. Kumdhuru asiye na kosa kwa sababu ya mwenye kosa hakukuwa haki katika dini yoyote wala katika desturi za wazee.

Umekuja katika Hadithi mfano unaojulikana, wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kulitoboa jahazi upande wao ili wapate maji pasi na kuwaudhi wa juu. Maana ya mfano ni kwamba wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Watu wa zama hizi husema kwamba leo wa juu ndio wanaolitoboa jahazi. Na iwe hivyo. Lakini ni nani aliyepata kusikia kwamba abiria wa chini, akiona maji yanaingia kwa tundu la mwenziwe, huchukua tezo akatoboa la pili ili wawe sawa? Mwenye akili hufanya mambo mawili kwa pamoja: humpigia kelele mwenye kutoboa, na huku akayakumba maji.

JAWABU YA HOJA YA PILI

Hoja ya pili ndiyo nzito, kwani ndiyo iukatishao moyo. Jawabu yake imo katika jambo ambalo kila mtoto wa chuoni hulijua. Mtu akitawadha, hukatazwa kufanya israfu ya maji, japokuwa yuko ukingoni mwa mto au pwani ya bahari. Hivyo ndivyo alivyoeleza Imam Nawawi, na wanavyuoni kwa jumla wamelichukiza jambo hilo. Basi na aulizwe mwenye hoja: mtu aliye ukingoni mwa bahari, akipunguza kibaba kimoja cha maji, ameiongeza bahari kitu gani? Hakuiongeza kitu. Na juu ya hayo amekatazwa kufuja. Hapa yadhihiri kwamba wajibu haukupimwa kwa athari peke yake, bali umepimwa pia kwa hali ya mtendaji na amana aliyopewa. Afujaye pasipo na upungufu hujizoeza kufuja. Na siku ya upungufu ikija, mkono wake hauna adabu nyingine.

Tena iko kanuni waliyoitaja wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, na Imam Suyuti ameieleza katika kitabu chake Al-Ashbah wan-Nadhair, ambayo maana yake ni kwamba lile linalowezekana halianguki kwa sababu ya lile lisilowezekana. Asiyeweza kusali kwa kusimama husali kwa kukaa, wala haambiwi aache Sala. Mwenye maji yasiyotosha viungo vyote vya udhu hutumia aliyo nayo kwanza, kisha akatayamamu kwa viungo vilivyobaki, kwa kauli iliyo na nguvu katika madhehebu. Basi kijiji kisichoweza kuzima viwanda vya dunia, kinaweza kuihifadhi chemchemi yake. Na kutoweza lile hakukukiondolea hili.

Na zaidi ya hayo, si kweli kwamba kazi ya kijiji haina athari. Haina athari juu ya moshi wa dunia, lakini inayo juu ya kijiji chenyewe. Shinyanga, nchi ya jirani zetu Wasukuma, ilikwisha kuwa jangwa kwa kukatwa miti na kuzidi mifugo. Mwaka wa 1986 ikaanzishwa kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na msingi wake haukuwa elimu ya kigeni, bali ngitili, yaani desturi ya kale ya kulifunga eneo la malisho ili lipumzike hata wakati wa kiangazi. Wazee na mabaraza ya vijiji ndio waliozitunza sheria zake. Maeneo yaliyofungwa yalikuwa karibu hekta 600 tu mwanzoni. Baada ya miaka kiasi cha kumi na tano yakazidi hekta 300,000. Kuni zikapatikana karibu, majani ya mifugo yakarudi, na dawa za miti shamba zikaonekana tena. Watu wale hawakungoja Ulaya na Marekani zipunguze moshi wao kwanza.

JAWABU YA HOJA YA TATU

Ama dharura, Sharia imeikubali. Lakini wanavyuoni wamesema kwamba dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Mwenye njaa ya kufa huruhusiwa kula mzoga kwa kadiri ya kuiokoa roho yake, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, wala si kushiba na kufanya biashara ya mizoga. Basi mjane mwenye gunia moja ana udhuru. Mwenye lori la magunia mia hana udhuru wa mjane, japokuwa hupenda kujificha nyuma yake.

Na hapa ndipo mabaraza mengi yanapokosea. Hutunga sheria ya kukataza makaa, kisha wakamshika mjane njiani, na lori likapita usiku. Sayyidna Umar, alipoiweka malisho ya hifadhi na kumpa mtu kazi ya kuyalinda, alimwamuru awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie matajiri wakubwa, hata wakiwa ni masahaba wenye daraja. Kwani tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba ya kurejea, na maskini yake ikifa huja mlangoni kwa mtawala na watoto wake wakilia. Hiyo ndiyo hifadhi ya Kiislamu: mzigo wake huanzia juu. Hifadhi imwanzayo mnyonge na kumwacha mwenye nguvu hailindi nchi, bali hulinda daraja za watu.

KAZI IPASAYO KUFANYWA

Kulinda watu na madhara ni fardhi ya kifaya: wakitenda baadhi yao, wengine husalimika, wakiacha wote, wote ni wenye dhambi. Na Imam al-Haramayn Juwayni ameitukuza fardhi ya kifaya hata akaiona kwa upande mmoja ni bora, kwa kuwa mwenye kuitimiza huwaokoa wenziwe na lawama pamoja naye. Katika kazi hiyo, mambo manne yako katika uwezo wa watu wa Matongo na mfano wao.

La kwanza ni kingo za mto. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, imeelezwa kwamba ardhi isiyo na mwenyewe humilikiwa na aihuishaye, illa harimu, yaani eneo linalohitajiwa ili kisima au mahali penye watu pafae kutumiwa. Na Imam Suyuti, aliyekufa mwaka wa 1505, aliandika risala khasa ya kukataza kujenga kwa kusogelea ukingo wa mto, nayo yahusu mto Nili huko Misri, ule ule ambao maji ya Tigithe huuendea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka wa 2004 nayo imekataza kazi za kudumu za wanadamu katika mita 60 za kingo za mito na maziwa. Sharia na sheria zimekutana hapa, basi hapana kisingizio. Ng'ombe na wachimbiwe birika mbali na chemchemi, na mahindi yasilimwe hata kwenye maji.

La pili ni miti. Isipandwe mikaratusi katika vyanzo vya maji kwa tamaa ya nguzo, kwani hunywa maji mengi. Ipandwe mikuyu na miti ya asili iliyokuwapo. Na mwenye kupenda thawabu isiyokatika baada ya kufa kwake na aiweke miti ya matunda wakfu kwa chuo cha watoto au kwa wasafiri.

La tatu ni jiko. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukikusudia sehemu 80 katika 100 ya watu waitumie kufika mwaka wa 2034. Mwenye uwezo wa gesi asingoje mwaka huo. Na asiye na uwezo na ajenge jiko la udongo lilalo kuni chache. Na wachimbaji wadogo waichomao zebaki karibu na nyumba na vijito wajue kwamba sumu haiulizi kama mwenye kuitia ni kampuni au ni mtu mmoja.

La nne ni baraza. Wakurya wana iritongo, mkutano wa watu wote, na neno lililokatwa humo huheshimiwa kuliko karatasi ya mbali. Waislamu wa huko ni wachache, wala hawawezi kuyalinda maji peke yao. Maji ni ushirika wa watu, na kusaidiana katika wema na jirani asiye Mwislamu si jambo la aibu. Siku ya Mara, iadhimishwayo kila tarehe 15 Septemba baina ya Kenya na Tanzania tangu mwaka wa 2012, isiwe siku ya ngoma na hotuba tu; iwe siku ya kuhesabu: miti iliyopandwa mwaka jana mingapi i hai?

TAHADHARI

Limebaki neno moja, nalo ni la lazima. Wako wakubwa wapendao kuusikia wajibu wa mdogo ili wausahau wa kwao. Huleta miche elfu, wakapigwa picha, kisha wakadhani wamelipa. Na ajue kila mzee wa kijiji kwamba kuipokea miche si kusamehe. Haki ya mtu mmoja husamehewa na mwenyewe. Ama haki ya umma katika maji haisamehewi na mwenyekiti, wala na mzee, wala na sheikh, kwani si mali yao. Anayepanda mti asubuhi ana haki, na pengine ana wajibu, wa kwenda adhuhuri kudai maji yake yapimwe na majibu ya vipimo yasomwe mbele za watu. Wala mawili hayo hayapingani. Bali la kwanza hulipa nguvu la pili, kwa maana mwenye kudai amana huku akiwa ameitunza amana, madai yake hayana pa kutobolewa.

Na kinyume chake ni kweli vile vile. Mwenye kudai haki ya mto, na zizi lake limo mtoni, amempa mpinzani wake ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

KHATIMA

Basi hukumu ya suala ni hii. Dhamana ya kilichoharibika ni juu ya aliyeharibu, kwa kadiri ya alivyoharibu, naye adaiwe pasipo kuchoka wala kuogopa. Na kukilinda kilichobaki ni juu ya kila aliye karibu nacho, kwa kadiri ya uwezo wake, tajiri mbele ya maskini. Hili haliliondoi lile. Amesema Mtume, rehema na amani zimfikie, maneno ambayo maana yake ni kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Mche huo hautakua, wala hautampa mtu kivuli wala tunda. Ameamrishwa aupande kwa kuwa u mkononi mwake.

Na kwa Mwenyezi Mungu ndiyo taufiki, na Yeye ndiye ajuaye zaidi.